Kubeba Bastola Nairobi kwa Kujilinda: Namna ya Kuamua Kabla ya Kuomba Leseni

Wanaouliza kuhusu bastola ya kujilinda hapa Nairobi huanza na swali la mwisho: Glock au Ceska, na ni pesa ngapi. Wakishajibiwa hukimbilia fomu, kisha hukwama mbele ya afisa anayewauliza kwa nini wanaitaka. Wengine hupata leseni, halafu miezi michache baadaye bastola inalala kwenye sefu kwa sababu kila wanakokwenda kuna kikaguzi cha chuma mlangoni.

Mwongozo huu unaanza mapema zaidi. Kazi yake ni kukufikisha kwenye "ndiyo" au "hapana" unayoweza kuitetea mbele ya mwenzako wa nyumbani, mbele ya bodi ya leseni, na ikibidi mbele ya hakimu. Tenga wiki saba. Anayefupisha huruka hatua ya 3, na hiyo ndiyo huwabadilisha watu wengi mawazo.

## Utakachohitaji

- Daftari la karatasi. Usiandike kwenye simu: utakuwa unaorodhesha udhaifu wa nyumba yako, na simu za Nairobi hupokonywa.
- Mfuko mdogo wa turubai au jinzi, ulioshonwa bapa, na nusu lita ya mchanga mkavu. Huo una uzito wa karibu gramu 800, unaokaribia ule wa bastola ya wastani ya 9mm iliyojaa risasi.
- Mshipi mgumu wa ngozi wenye upana wa sentimita 4 hivi.
- Tepu ya kupimia na saa ya kuhesabu sekunde.
- Mtu mzima mmoja unayeishi naye, asiyekuogopa.
- Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Zote zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law.
- Pesa za saa moja au mbili za wakili wa kesi za jinai.

Onyo la mwanzo. Katika mazoezi yote yanayofuata usitumie bastola ya plastiki, ya watoto wala ya kuwashia sigara. Silaha bandia nazo zimo ndani ya Sheria ya Silaha. Zaidi ya hapo, polisi aliye mita 15 kutoka kwako hawezi kutofautisha plastiki na chuma, na umati uliosikia mtu akiita "mwizi!" hautajaribu kutofautisha.

## Hatua ya 1: Andika tishio lenye mahali, saa na umbali

"Uhalifu umezidi" si tishio, ni malalamiko. Tishio linaandikwa hivi: ni nani, wapi, saa ngapi, anataka nini, na atakuwa umbali gani nitakapomtambua. Umbali ndio unaosahauliwa, na ndio unaoamua kama silaha ina kazi.

Pitia aina hizi, uweke alama kwa zile tu ambazo zimewahi kukupata wewe au mtu wa njia yako.

Wezi wa simu wa pikipiki. Wanakutokea kwa nyuma na kupita. Ukishaelewa kilichotokea, wako mita 20 mbele na wamekupa mgongo. Kumfyatulia risasi mtu anayekimbia na simu si kujilinda, na barabara ina watu. Bastola haina kazi hapa.

Ngeta. Mkono uko shingoni kabla hujageuka, na mwenzake anakupekua kiunoni na mifukoni. Akikuta bastola, ameiokota. Hapa silaha inamnufaisha aliyekukaba.

Mchele, yaani dawa ya kulewesha, kwenye kinywaji. Utaamka bila simu, bila pesa na bila bastola, na itabidi umweleze OCS, mkuu wa kituo cha polisi, ilikopotelea.

Kuvamiwa getini. Umeketi, umefunga mkanda, mikono iko kwenye usukani, na wao ni watatu ambao tayari wameshachomoa silaha zao. Watu hudhani bastola imeundwa kwa ajili ya hali hii. Zoezi la hatua ya 2 litakuonyesha ugumu wake.

Wavamizi wa nyumbani usiku. Hapa kuna milango kati yenu, na kwa hiyo kuna muda. Lakini tishio hili halidai *kubeba* chochote barabarani. Kumiliki silaha ndani ya sefu ni uamuzi mmoja, kutembea nayo ni mwingine, na anayeyachanganya mawili haya huishia kubeba kwa sababu ya tishio lililo chumbani.

Mtu anayekujua. Kesi ya shamba, mshirika wa biashara mliyekosana, aliyekuwa mpenzi, au mtu anayejua unafunga duka saa ngapi na unabeba pesa taslimu. Hili ndilo tishio zito kuliko yote, kwa sababu lina jina, linarudi, na linaweza kuandikishwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Pia ndilo pekee ambalo bodi ya leseni inaweza kulithibitisha.

Ukimaliza uwe na ukurasa mmoja wenye matishio yasiyozidi matatu, kila moja likiwa na saa na mita. Ukurasa ukibaki na pikipiki na ngeta peke yake, jibu lako la kubeba ni hapana. Ruka hadi hatua ya 6.

## Hatua ya 2: Pima sekunde ulizo nazo

Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari wa Salt Lake City huko Marekani, alionyesha kwamba mtu mzima wa kawaida hukimbia futi 21, yaani mita 6.4, kwa sekunde 1.5 hivi. Huo ni karibu muda ule ule ambao mtu aliyezoezwa hutumia kuchomoa bastola na kufyatua. Na holsta, yaani ala ya bastola, ilikuwa wazi, haikufunikwa na jaketi.

Fanya zoezi hili ndani ya ua, mbali na macho ya barabarani, mikono ikiwa mitupu:

1. Vaa mfuko wa mchanga kwenye mshipi, upande wa mkono unaoutumia, nyuma kidogo ya nyonga. Funika kwa shati au jaketi unayovaa kila siku.
2. Mwenzako asimame mita 6.4 kutoka kwako na aanze kukimbia bila kukuonya.
3. Inua nguo, gusa mfuko, kisha unyooshe kidole mbele kwenye usawa wa kifua.
4. Rudieni mara kumi. Kisha mita 3, kwa sababu huo ndio umbali wa kijia cha mtaani. Kisha ukiwa umeketi garini, injini imezimwa, mkanda umefungwa, mlango umefungwa.

Kinachoharibika kwa kawaida ni nguo: zipu imefungwa, sweta inashika mfuko, mkoba wa kompyuta uko begani upande ule ule. Garini kibonyezo cha mkanda kinakaa juu ya mfuko kabisa. Andika ni mara ngapi ulinyoosha kidole kabla hajakugusa. Kwa mita 3 wengi hupata sufuri, na wale wanaopata zaidi huwa walijua anakuja.

Zoezi hili halipimi wepesi wako. Linakufundisha kwamba bastola hufanya kazi pale tu ulipoliona tishio mapema, na ukiliona mapema, mara nyingi kuna njia ya kuondoka.

## Hatua ya 3: Jaribio la mchanga, wiki mbili

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo mzima, kwa hiyo usiharakishe.

Kwa siku 14 vaa mfuko wa mchanga kila saa ambayo ungebeba bastola. Mfuko ni bastola: hauonyeshwi mtu, hauwekwi mezani, hauachwi kwenye dashibodi, hauguswi na mtoto. Kila unapolazimika kuuvua, andika saa, mahali na ulikouweka.

Tangu shambulio la Westgate la Septemba 21, 2013, maduka makubwa ya Nairobi yana vikaguzi vya chuma na upekuzi wa magari langoni. Benki, mahakama, ofisi za serikali, hospitali nyingi na hoteli ni hivyo hivyo. Kila ukifika mlango kama huo una njia nne: kurudi nyumbani, kuiacha garini, kuikabidhi kwa walinzi mahali penye utaratibu huo, au kusema uongo. Ya mwisho si njia. Ya pili ni mbaya kuliko inavyoonekana, maana gari lililoegeshwa huvunjwa kwa sekunde chache, na mmiliki wa silaha ana wajibu wa kisheria wa kuitunza salama.

Jumlisha saa mwishoni mwa wiki. Wiki ina saa 168. Mfano wa mfanyabiashara mwenye duka la simu Luthuli Avenue anayeishi Kahawa West:

- Kulala: 49
- Nyumbani akiwa macho: 24
- Dukani: 57
- Barabarani: 14
- Ibada, benki, hospitali, maduka makubwa: 10
- Baa na sherehe: 8
- Kinyozi, mazoezi, mpira: 6

Saa anazoweza kubeba kihalali na kwa akili ni za dukani na barabarani, jumla 71. Lakini ukurasa wake wa hatua ya 1 unasema tishio lake ni kufunga duka na kubeba mauzo, takribani saa moja kwa siku, siku 6. Yaani atabeba chuma kwa saa 71, na kila asubuhi kukivaa na kila jioni kukivua, ili kilinde saa 6. Swali sahihi kwake sasa ni: je, saa hizo 6 zinaweza kuondolewa? Mauzo yakipita kwenye Till, namba ya kulipia dukani kwa simu, na pesa taslimu zikipelekwa benki saa nane mchana kwa nyakati zinazobadilika, kinachobaki mfukoni saa moja usiku hakistahili kuuliwa mtu.

Angalia pia mambo madogo ya daftari. Chooni uliuweka wapi? Juu ya tangi la maji ndipo watu husahau bastola zao. Mtoto alipokukumbatia kiunoni alisema nini? Kwenye matatu aliyeketi kando alikuwa akikubana upande gani? Fundi nguo, daktari wa mgongo, rafiki anayepiga watu mgongoni kwa salamu: wote hawa watajua una silaha, na siri ya watu watano si siri tena.

Kipimo: ukijikuta umeuvua nje ya nyumba zaidi ya mara moja kwa siku, au umeusahau mahali hata mara moja, jibu la kubeba ni hapana kwa sasa. Ajali nyingi za bastola hutokea wakati wa kushikwashikwa, na kila kuvua ni kushika.

## Hatua ya 4: Jikague wewe na nyumba yako

Hatua hii ni fupi kusoma na ngumu kujibu. Mpe mwenzako daftari, umwombe ajibu yeye, wewe ukiwa nje ya chumba.

- Je, huyu hunywa kiasi cha kutokumbuka aliyoyasema?
- Ametupa kitu, amepiga ukuta, au amenitisha katika miezi 12 iliyopita?
- Amepitia msiba, talaka, kufutwa kazi au deni kubwa hivi karibuni?
- Amewahi kusema maisha hayana maana?
- Katika ugomvi wa barabarani, hushuka garini?

"Ndiyo" moja inatosha kusimamisha mpango huu kwa mwaka mzima. Tafiti za miaka mingi, hasa za Marekani, zimeonyesha kwamba silaha ndani ya nyumba huongeza uwezekano wa mtu wa nyumba hiyo kujiua, kwa sababu dakika za giza hupita lakini risasi hairudi. Anayehisi hivyo sasa amwone daktari au kliniki ya afya ya akili kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu pombe hakuna mjadala. Januari 2020, katika klabu moja ya Kilimani, DJ alipigwa risasi usiku wa starehe, na nchi nzima iliona picha za kamera. Kulewa ukiwa umebeba silaha ni kosa linalojitegemea katika Sura ya 114, hata kama hukufyatua. Kama baa ni sehemu ya wiki yako na huna nia ya kuiacha, acha bastola.

Watoto, wapwa wa likizo na msaidizi wa nyumbani nao wanahesabiwa. Swali si kama wana tabia njema. Swali ni kama sefu ipo, imefungwa, na namba yake si mwaka wako wa kuzaliwa.

## Hatua ya 5: Ipitie sheria kwa mifano, pamoja na wakili

Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu hakikupi orodha ya lini ufyatue. Kinasema matumizi ya nguvu katika kujilinda yataamuliwa kwa kanuni za common law ya Uingereza, yaani sheria inayotokana na hukumu za mahakama. Kwa lugha ya mtaani: hatari iwe ya kweli au uliiamini kwa sababu zinazoeleweka, iwe ya papo hapo, na nguvu uliyotumia isizidi kilichohitajika. Mahakama inajua mtu aliye hatarini hana mizani mkononi. Hata hivyo nguvu iliyopita kiasi inaweza kukuacha na hatia ya kuua bila kukusudia, ambayo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha.

Jibu mifano hii kwa maandishi, kisha mpe wakili asahihishe:

1. Kijana mwenye kisu anadai simu, yuko mita 2, nyuma yako kuna ukuta.
2. Kijana huyo huyo ameshachukua simu na amegeuka kuondoka.
3. Mtu ameruka ukuta usiku na yuko uani, haonekani kuwa na silaha.
4. Umati unampiga mshukiwa wa wizi, nawe unataka kumwokoa.
5. Dereva aliyegongwa gari lake anakutukana na kupiga dirisha kwa ngumi.

Wengi hukosea la 2 na la 3. La 2 limeshakwisha kuwa tishio. La 3 ni sababu ya kufunga mlango wa ndani, kuwasha taa na kupiga 999 au 112. La 4 ndilo hatari kuliko yote jijini humu: ukichomoa mbele ya umati, kwa aliye nyuma wewe ndiwe jambazi, na polisi waliovaa kiraia wakifika watamwona mtu mwenye bastola, si mwokozi. Hata kule Westgate, wenye silaha za leseni walioingia kuokoa watu walikuwa kwenye hatari ya kudhaniwa magaidi.

Umefaulu hatua hii unapoweza kueleza kwa sentensi moja, kwa kila mfano, kwa nini *hutafyatua*. Anayeweza kueleza tu lini atafyatua hajaielewa sheria.

## Hatua ya 6: Siku 30 za kuziba matundu bila bastola

Fanya haya hata kama jibu lako linaelekea ndiyo. Afisa makini atakuuliza umefanya nini kingine, na "sijafanya" ni jibu baya.

- Getini: piga simu dakika mbili kabla ya kufika ili askari wa geti awe tayari. Ukiona pikipiki au gari nyuma yako limepunguza mwendo, usisimame: pitiliza geti lako, zunguka, rudi. Usiwahi kusubiri ukiwa umeelekeza pua ya gari kwenye geti lililofungwa.
- Foleni: simama mahali unapoona magurudumu ya gari la mbele yakigusa lami. Nafasi hiyo inakutosha kukata kona bila kurudi nyuma.
- Simu na pesa: simu iwe ndani ya nguo unapotembea kandokando ya barabara. Laini yenye pesa nyingi ibaki nyumbani.
- Nyumbani: mlango mmoja wa ndani wenye komeo la chuma, ufunguo ukiwa upande wako, na taa ya nje inayowashwa kutoka kitandani. Kitufe cha dharura cha kampuni ya ulinzi kijaribiwe kila mwezi, na uandike wanachukua dakika ngapi.
- Mtu anayekujua: kila tishio liingie kwenye OB, upate namba. Hifadhi ujumbe wa simu kama ulivyo, bila kuufuta wala kuuhariri.

Dawa ya kupuliza pilipili inauzwa mitaani kama pipi. Kabla ya kuinunua mwulize wakili wako, kwa kuwa tafsiri ya silaha katika Sura ya 114 ni pana kiasi cha kugusa vifaa vinavyorusha gesi au majimaji ya kudhuru.

Baada ya siku 30 rudi kwenye ukurasa wa hatua ya 1. Futa kila tishio lililopungua hadi kuvumilika. Ukurasa ukiwa mtupu, kazi imekwisha, na umeokoa pesa nyingi.

## Hatua ya 7: Mafunzo kwanza, bei baadaye

Waliobaki ni wachache, na hawa wanapaswa kujua kama wanaweza kupiga shabaha kabla ya kuomba chochote. Kirigiti, Kiambu, kuna uwanja wa kulenga shabaha unaotumiwa na raia wenye leseni na mashindano yao. Uliza masharti ya asiye na leseni kufundishwa chini ya mkufunzi. Usishike bastola ya rafiki shambani kwao "kujaribu tu": leseni ni ya mtu mmoja, na kuazimana ni kosa kwenu wote wawili.

Kiwango cha chini cha kujipima: risasi 10 kati ya 10 ndani ya karatasi ya A4 kwa mita 7, bila haraka. Kisha mbili ndani ya karatasi hiyo hiyo, mita 5, kwa sekunde 2 tangu bastola ikiwa imeelekezwa chini. Anayekosa kwa utulivu atakosa zaidi moyo ukidunda, na jijini risasi iliyokosa hufika kwa mtu mwingine.

Makosa ya kawaida ni kuvuta kifyatulio kwa ghafla, ambako hushusha risasi chini, na kushika mpini kwa ulegevu, ambako hufanya ganda likwame. Yote hutibika kwa mazoezi bila risasi. Ukishakuwa na bastola yako, dakika 10 kwa siku zinatosha, bastola ikiwa tupu, imekaguliwa mara mbili kwa macho na kwa kidole, risasi zikiwa chumba kingine.

Hapa ndipo hesabu ya pesa inapoingia. Usiulize bei ya bastola peke yake. Jumlisha sefu na kuifunga ukutani, holsta, mshipi, uanachama wa klabu, risasi 50 kwa mwezi za mazoezi, yaani 600 kwa mwaka, kuhuisha leseni kila mwaka, na akiba ya wakili. Ikiwa ukilipia bastola huwezi kulipia risasi 600, huna uwezo wa bastola.

## Hatua ya 8: Maombi

Sheria inamtaka mwombaji awe na sababu nzuri, na isiwe hatari kwa usalama wa umma kumruhusu. Mwenye ulevi wa kupindukia au asiye na akili timamu hapewi. Tayarisha kitambulisho, PIN ya KRA, cheti cha mwenendo mwema cha DCI (idara ya upelelezi) kinachoombwa kupitia eCitizen na kuchukuliwa alama za vidole, ripoti ya daktari kuhusu afya ya akili, na barua ya sababu. Uchunguzi hupitia polisi wa eneo lako hadi Bodi ya Leseni za Silaha.

Barua iwe ya ukurasa mmoja: tishio, tarehe, namba za OB, hatua ulizochukua katika siku 30. Hizo zote unazo tayari daftarini. Barua inayosema "mimi ni mfanyabiashara na Nairobi si salama" inafanana na nyingine zote kwenye rundo.

Jihadhari na broka anayesema "atasukuma". Desemba 2018 serikali iliwaamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya ndani ya siku 90. Cheti kilichopatikana kwa mlango wa nyuma ndicho huanguka siku kama hiyo, na mwenyewe hubaki na silaha isiyo na leseni.

## Hatua ya 9: Ukishapewa

Sefu. Ifungwe kwenye ukuta wa zege au sakafu kwa bolti nne za kutanuka, kutoka ndani. Sefu isiyofungwa ni sanduku la kumrahisishia mwizi kubeba.

Holsta. Ngumu, inayofunika kifyatulio chote, isiyojikunja bastola ikitoka. Ya kitambaa laini hukunjika ndani na kuvuta kifyatulio wakati wa kurudisha. Rudisha polepole, ukitazama, kidole kikiwa nje. Mkoba wa mkononi si mahali pa bastola hapa jijini: anayepokonya mkoba amepata vyote.

Vaa mara moja, vua mara moja. Asubuhi nyumbani, jioni nyumbani. Siku yenye benki, mall au kinywaji, bastola inabaki kwenye sefu tangu asubuhi.

Usiionyeshe. Kuinua shati ili mwenye ugomvi aone ni kutisha mtu kwa silaha, na siku hizi kila mtu ana kamera.

Ukifyatua. Hatari ikikoma, acha kufyatua. Ondoka mahali pa wazi lakini usikimbie na bastola mkononi. Irudishe kwenye holsta au iweke chini kabla polisi hawajafika, mikono ionekane, viganja wazi. Piga 999 au 112, taja mahali, sema kuna majeruhi, jitambulishe kuwa mmiliki wa leseni, na ueleze mavazi yako. Usiokote maganda ya risasi. Msaidie majeruhi kuzuia damu kama ni salama. Kisha mpigie wakili. Bastola itachukuliwa kwa uchunguzi, nawe huenda ukakamatwa hata kama ulikuwa na haki. Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki ya kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Sema kwamba ulishambuliwa, onyesha mashahidi na ushahidi, na maelezo marefu yasubiri wakili.

Ikipotea. Kituo cha polisi kilicho karibu, mara moja, si kesho. Beba namba yake ya usajili, ambayo unapaswa kuwa umeiandika mahali tofauti na cheti.

Kila mwaka, wiki mbili kabla ya kuhuisha leseni, fanya upya hatua ya 1, ya 3 na ya 4. Tishio likiwa limekwisha, kesi imeamuliwa, au mwenzako amejibu "ndiyo" kwenye orodha ile, usihuishe. Toa magazini (kasha la risasi), kagua chemba ya risasi mara mbili, ifunge bastola na risasi katika mifuko tofauti, na upige simu kituoni kabla ya kutoka nyumbani ili wajue unaileta. Hakikisha unaondoka na stakabadhi yenye namba ya silaha na idadi ya risasi ulizokabidhi.